Barua Zenu kwa Mama Muuguzi: Mwili unaouma bila jeraha, na mbwa anayesubiri kimbunga

Barua za mwezi huu ni nyingi, nimechagua nne. Tatu zinahusu ugonjwa mmoja, fibromialjia, ambao hata mimi ninao tangu 2012, nikiwa bado nesi wa wodini. Ya nne imetoka kwa kijana wa sekondari mwenye mbwa wawili. Nimezijibu hapa nyumbani Uyole kuanzia saa nne asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo vidole vyangu havikubali kushika kalamu.

*Shikamoo mama. Nina miaka 38, nauza viazi pale barabarani Isongole. Huu ni mwaka wa pili mwili unaniuma wote: shingo, mabega, kiuno, mapaja, mpaka nyayo. Nikiamka ni kama nimelima usiku kucha. Nimetibiwa taifodi mara tatu, UTI hata sikumbuki mara ngapi. Nimepimwa damu, nimepigwa picha ya mgongo, kila mahali wanasema niko safi. Mwezi uliopita daktari mmoja Mbeya mjini akaniambia ni fibromialjia, akaniandikia jina kwenye karatasi. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu. Je, huu ni ugonjwa kweli? Nitapooza? — Muuza viazi, Isongole*

Marahaba mwanangu. Ni ugonjwa kweli, na hutapooza. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo lililokukosesha usingizi.

Maumivu yako hayatoki kwenye mifupa iliyooza wala kwenye viungo vinavyoliwa, kama inavyokuwa kwa mwenye baridi yabisi. Shida iko kwenye njia za fahamu, namna uti wa mgongo na ubongo wako unavyopokea habari kutoka mwilini. Umewahi kuona spika za kanisani zikifunguliwa mpaka mwisho? Mtu akikohoa tu mbele ya maiki, waumini wote wanashtuka. Mwili wako uko hivyo. Kitu ambacho kwa mwenzako ni mguso, kwako ni kipigo. Ukipiga picha ya eksirei unaiona spika, lakini huoni sauti imefunguliwa kiasi gani. Ndiyo maana wamekuambia uko safi, na ndiyo maana wewe unaumwa. Yote mawili ni kweli.

Jina hili limeanza kutumika 1976. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili. Ukiumia kwenye 11, unao. Kuanzia 2010 utaratibu ulibadilika. Sasa daktari anahesabu maeneo ya mwili yanayouma, kisha anauliza habari za uchovu, usingizi usiokuburudisha na usahaulifu, na kama hali hiyo imezidi miezi mitatu. Kwa hiyo yule aliyekaa na wewe akakuuliza maswali marefu, mwanangu, huyo ndiye aliyekupima. Vile vipimo vya damu navyo havikupotea bure. Lazima kwanza waangalie tezi la shingoni, upungufu wa damu, baridi yabisi, lupasi na maambukizi, maana hayo nayo huumiza mwili mzima na yana tiba zake. Ila taifodi mara tatu hapana. Taifodi ni ugonjwa wa homa. Mtu hawezi kuumwa taifodi miaka miwili bila homa huku anauza viazi barabarani.

Hapa nizungumze kwa uchungu kidogo, maana yamenikuta. Mwaka ule wa kwanza nilichomwa sindano za diklofenaki siku tano mfululizo, nikapumzika, nikachomwa tena, raundi nne, kituo kimoja tu. Maumivu yalibaki palepale, nikapata vidonda vya tumbo. Diklofenaki kazi yake kubwa ni kutuliza uvimbe, na kwenye fibromialjia hakuna uvimbe wa kutuliza. Predinisoloni nayo haisaidii ugonjwa huu. Itakujaza uso na kukupandishia sukari. Ukikuta duka la dawa linakufungia vidonge vya rangi tatu kwenye bahasha bila majina, viache hapohapo kaunta.

Dawa zinazosaidia zipo, ingawa hazifuti kila kitu. Kwetu inayopatikana kirahisi ni amitriptilini, kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 10 kwa kuanzia, jioni kabla ya kulala. Kwa kipimo kikubwa ni dawa ya sonona, kwa hiyo ukisoma karatasi yake usidhani daktari amekuona una kichaa. Kwa kipimo kidogo inatuliza njia za maumivu na kurudisha usingizi. Inakausha mdomo, na wiki za kwanza utaamka mzito. Kama una ugonjwa wa moyo au presha ya macho, mwambie daktari kabla hajaandika. Zipo pia pregabalini na duloksetini, ambazo Marekani ziliidhinishwa kwa ugonjwa huu 2007 na 2008. Hizo bei yake imechangamka. Usinunue yoyote kwa kumwambia muuzaji "nipe ile ya Mama Muuguzi".

Usingizi nao ni dawa. Mwaka 1975 watafiti wa Kanada waliwachukua vijana wazima, wakawa wanawasumbua usiku kila walipotaka kuzama kwenye usingizi mzito. Siku chache tu, vijana wale wakaanza kuamka na misuli inayouma kama yetu. Soma hilo mara mbili, kisha uitazame simu unayolala nayo mpaka saa sita.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kuutembeza mwili. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Ulaya wa 2016 ulipima tiba nyingi, na mazoezi peke yake ndiyo yaliyopewa uzito wa juu kabisa. Najua unavyojisikia ukisoma hivyo, maana hata mimi nilitaka kumrushia kiatu mtaalamu wa mazoezi aliyeniambia. Nilianza kwa kutembea kutoka getini mpaka kwenye mparachichi wa jirani, hatua sitini, nikarudi. Wiki nzima hatua sitini tu, hata siku niliyojisikia naweza zaidi. Wiki iliyofuata nikapita mparachichi. Sasa natembea dakika arobaini na mbwa wangu, sikimbii, nasimama nikitaka.

Siku ya nafuu ndiyo yenye mtego. Mwanamke wa Nyanda za Juu akiamka mwepesi siku moja, anafua blanketi zote, anapukuchua mahindi, anakwenda sokoni, halafu siku tatu yuko kitandani. Mimi blanketi langu la Julai sifui siku moja. Jumatatu jioni naliloweka kwenye beseni na maji ya vuguvugu. Jumanne nalikanyaga kwa miguu dakika kumi, nimeshika ukuta. Silikamui, nalitundika kwenye kamba linachuruzika lenyewe mpaka Alhamisi. Jirani yangu alishangaa zamani, siku hizi na yeye anakanyaga.

Wewe una magunia. Usiinue lumbesa, hata kama mteja ana haraka. Muombe kijana wa bodaboda akushushie, mpe chochote, ingia kwenye gunia na sadolini uhamishe kidogokidogo. Weka kigoda, kaa nusu saa, simama, zunguka meza, kaa tena. Na baridi ya Isongole nimeijua tangu utoto: vaa soksi mbili, lala na chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kanga, iweke penye bega au kiuno. Jiko la mkaa usiliingize chumbani unakolala. Moshi usioonekana wa mkaa umeua watu wengi huku kwetu kwenye baridi, wamelala na hawakuamka.

Habari ya mama mkwe, usigombane naye. Akitaka kukuombea, piga magoti, sema amina. Ila asikuchanje chale, na asikuzuie kurudi kliniki. Nenda naye siku moja, daktari amweleze yeye. Wazee wetu wakisemeshwa kwa heshima huelewa.

*Mama, mke wangu ana huo ugonjwa unaouandika. Kinachonichanganya ni hiki: Jumamosi alicheza harusini mpaka saa tano, Jumapili hawezi hata kupika chai. Nikisema ananiigizia nitakuwa nimekosea? — Baba wa watoto watatu, Makambako*

Utakuwa umekosea, baba. Jumapili aliyolala ndiyo bei ya Jumamosi aliyocheza. Aliijua bei hiyo kabla hajavaa gauni, akaamua kulipa ili awe kama watu wengine kwa saa nne. Ugonjwa huu unapanda na kushuka ndani ya siku moja, na uso hauonyeshi. Niliishi miezi minane na mtu nimpendaye akiniuliza kila asubuhi, "Leo tena?" Neno hilo liliniuma kuliko kiuno.

Chemsha chai. Ukimaliza, muulize ni kazi gani moja akuachie wewe wiki hii, halafu uifanye bila kuitangaza.

*Kamwene dada. Binti yangu yuko Tampa, Florida, mwaka wa sita sasa, anatunza wazee. Aliambiwa ana fibromialjia. Anaishi peke yake na mbwa na paka. Msimu wa vimbunga ukianza hatulali, yeye huko na mimi huku Kihesa. Oktoba 2024 walipoambiwa wahame aligoma mpaka dakika za mwisho kwa ajili ya wanyama hao, kisha akaugua wiki nzima. Baba yake anasema awaache, mbwa si mtu. Nimshauri nini? — Mama, Kihesa, Iringa*

Kamwene dada yangu. Kwanza, mwombe baba asimwambie tena binti awaache. Si kwa sababu mbwa ni mtu. Ni kwa sababu mwenye mnyama anayempenda, ukimwambia amuache, haondoki na yeye. Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans 2005, wako waliokataa kupanda boti za uokoaji kwa kuwa mbwa na paka hawakuruhusiwa, wakabaki majini. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria inayoitaka mipango ya maafa ya majimbo na miji ihesabu na wanyama wa nyumbani. Na hiyo Oktoba ya 2024 unayoisema, kimbunga Milton kikikaribia, askari wa barabarani karibu na Tampa alimkuta mbwa amefungwa kwenye uzio kando ya barabara kuu, amesimama ndani ya maji. Aliokolewa, na 2025 Florida ikapitisha sheria: kumfunga mbwa nje na kumtelekeza wakati wa janga ni jinai, kifungo kinafika miaka mitano.

Sasa kazi yake yeye. Siku za kimbunga ndizo zinazomwasha mwenye fibromialjia: hofu, kutolala, kubeba mizigo, kukaa kwenye gari saa nyingi. Vyote kwa pamoja, ndani ya siku mbili. Hawezi kuifuta hofu, lakini mizigo anaweza kuimaliza mapema. Msimu wa huko unaanza tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na kilele chake ni Septemba. Ana majuma mengi mbele yake. Afanye kitu kimoja kwa wiki, basi.

Wiki moja ajue eneo lake. Florida maeneo ya kuhama yamepewa herufi, na wa A ndio huambiwa watoke kwanza. Wiki nyingine apige simu kuuliza ni kituo gani cha hifadhi kinapokea wanyama, maana si vyote, na kama rafiki au hoteli ya mbali na bahari itampokea na wawili hao. Wiki nyingine aende kwa daktari wa mifugo: chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, cheti kiingie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na wanyama wawekewe ile chipu ndogo ya utambulisho chini ya ngozi, kisha ahakikishe namba yake ya simu ya sasa ndiyo iliyosajiliwa. Apige picha yeye mwenyewe akiwa na kila mnyama. Wakipotezana, picha hiyo ndiyo shahidi kuwa ni wake.

Chakula na maji ya wanyama viwe vya wiki moja, mbili ikiwezekana. Hapa ndipo dada nakuomba umkazie. Asiweke mfuko mmoja wa kilo ishirini. Aupasue mapema, agawe kwenye vifurushi vya kilo mbili mbili, maji kwenye chupa ndogo, vyote kwenye sanduku la magurudumu. Siku yenyewe ikifika mikono itakuwa imeshagoma, na kila kifurushi kiwe ambacho mkono mgonjwa unaweza kukiinua.

Paka ndiye mgumu. Paka akiona watu wanahangaika, anaingia uvunguni, na kumvuta huko ukiwa umelala kifudifudi ndiko kunakovunja kiuno. Tundu la kumbebea likae wazi sebuleni kuanzia sasa, na kitambaa anacholalia ndani yake. Mimi hapa paka wangu nilimzoesha kwa kumwekea usipa wa Kyela mle ndani kila jioni. Baada ya wiki tatu alikuwa akiingia mwenyewe na kusubiri. Huko atatumia chochote paka wake anachokipenda. Tangazo likitoka tu, kabla hajashika begi hata moja, amfungie paka bafuni, chumba kisicho na uvungu. Kisha aendelee.

Dawa zake mwenyewe asizisahau kwa kuwahangaikia wao. Kama anatumia pregabalini au duloksetini, hizo hazikatwi ghafla, mwili unavurugika. Kimbunga kikipita maduka hufungwa siku nyingi, kwa hiyo azijaze mapema. Aondoke mapema pia, siku moja kabla ya foleni. Asimame kila saa, anyooshe mgongo, mbwa akojoe. Na kwa kuwa anafanya kazi kwa zamu, apatane na jirani mmoja mwenye ufunguo: kama amri itatoka yeye yuko kazini, jirani aondoke na wanyama, na jirani huyo mbwa awe anamfahamu tayari.

Wakirudi nyumbani, mbwa abaki kwenye kamba hata kama ni uani kwao. Maji ya mafuriko hufuta harufu alizozizoea, anaweza kupotea mita mia kutoka mlangoni. Asimwache anywe maji yaliyotuama, yanabeba vijidudu viitwavyo leptospira, na ugonjwa wake unaambukiza hata binadamu. Pia nyaya za umeme zilizoanguka, na nyoka. Kisha ajipe siku tatu za kulala bila kujilaumu. Azipange kabisa, awaambie kazini kabla.

Na wewe mama mwenzangu, najua simu inavyokuwa mkononi usiku huo. Usimuulize "uko salama?" mara ishirini. Juni mtumie sauti fupi, umuulize, "Dawa umejaza? Tundu la paka liko wapi?" Baba yake naye atume hiyo ya paka. Atafurahi mtoto.

*Shikamoo bibi. Niko kidato cha tatu, Mbalizi. Nilisikia habari za kimbunga Hidaya. Je, kinaweza kufika Mbeya? Nina mbwa wawili, baba huwafunga kwa mnyororo usiku kucha ili walinde. — Mwanafunzi*

Marahaba mjukuu wangu. Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kimbunga cha namna ile kinakula joto la bahari. Kikipanda nchi kavu kinakosa chakula na kulegea. Sisi tuko mbali na bahari, tena juu milimani. Upepo wa kimbunga usiuwaze sana. Mvua iwaze. Aprili ya mwaka huohuo tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba pale Itezi, na hapo hakukuwa na kimbunga chochote.

Habari ya mnyororo nitakueleza kitu ambacho sijawahi kukiandika. Nilikuwa darasa la nne, tukiishi Kyela, nyumba iko karibu na mto. Mbwa wetu alikuwa mwekundu, sikio moja limekunjika, jina lake Tai. Usiku alifungwa kwenye mkakao nyuma ya jiko. Mvua ilinyesha siku mbili, usiku wa tatu maji yakaingia ndani. Baba alibeba wadogo zangu wawili, mama akashika mkono wangu na sufuria la unga, tukapanda barabarani gizani. Tulipofika juu ndipo nilipomsikia. Alibweka kwanza kama anavyobweka mgeni akija. Kisha akalia. Kisha sikumsikia tena. Baba alitaka kurudi, watu wakamshika.

Hakuna aliyekuwa mbaya usiku ule. Fundo lilikuwa la kukaza, maji yalikuwa mengi, na hakuna aliyekuwa amefikiria mapema.

Kwa hiyo zungumza na baba kwa adabu. Mwambie mbwa anayezunguka ndani ya uzio analinda vizuri kuliko aliyefungwa mahali pamoja. Asipokubali, mwombe usiku wa mvua kubwa wafunguliwe. Wachanjwe kichaa cha mbwa, wawe na mkanda wa shingoni wenye namba ya simu ya nyumbani iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Na ile kufuli kwenye mnyororo itoeni, wekeni ndoano ya chemchemi, ile ya kubonyeza kwa kidole gumba. Jioni ya leo zima taa, fumba macho, uende uifungue kwa mkono mmoja. Rudia mpaka mkono uijue, kisha mfundishe na mdogo wako.